Komanda Grégoire na Mashauri ya Kulinda Mlima

Papa Grégoire Mulonda hajawahi kuwa askari hata kwa nusu saa. Lakini ukifika mji wa Kalemie, kando ya ziwa, ukapanda kile kilima anachokaa na kuuliza nyumba ya Papa Grégoire, watu watakutazama kama mtu aliyeshuka kwenye bandari isiyo yake. Uliza nyumba ya Komanda. Hapo utaonyeshwa njia hata na wale wasiokupenda.

Cheo hicho hakupewa na serikali. Alijipa mwenyewe, polepole, kama mtu anayejiongezea mboga wakati wenzake wameangalia pembeni. Na sababu yake ni kitabu.

Si kitabu cha kupigwa chapa. Ni karatasi zilizoandikwa kwa mkono, kwa penseli ya zambarau, zikashonwa kwa uzi wa nyavu na kufungwa ndani ya ngozi ya mbuzi ambayo mpaka leo, mvua ikinyesha, inakumbuka kwamba ilikuwa mbuzi. Aliyeziandika ni Sajini Toussaint, babu wa mama yake Grégoire, mtu wa milima ya Marungu, aliyefundishwa kusoma na mapadri na kupiga bunduki na Wabelgiji. Wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu, Wajerumani walikuwa ng'ambo ya ziwa, na Wabelgiji wakaingiwa na hofu kwamba watavuka, wapande milima, waishukie nchi kwa mgongoni. Basi wakampeleka Sajini Toussaint huko juu Kirungu na watu wachache, bunduki chache zaidi, na amri moja: adui asipite.

Adui hakupita. Adui hakuja kabisa. Mjerumani gani mwenye akili zake angeacha ziwa lililotandikwa kama mkeka akapande Marungu na mzinga mgongoni? Sajini akakaa na baridi yake, akangoja, na kwa kuwa kungoja mikono mitupu kunamzeesha mtu, akaandika. Aliandika mlinzi asimame wapi, moto uwashwe wapi, adui apandishwe njia gani, maji yakae upande gani. Juu akaweka kichwa kikubwa: *Mashauri ya Kulinda Mpaka wa Mlima, kwa Yule Atakayenifuata Hapa.* Hakuna aliyemfuata. Vita vikaisha, akashuka, akaoa.

Mwalimu mmoja wa historia aliwahi kusikia habari za kitabu hicho, akapanda kilima kuja kukiona. Alikifungua kwa ncha za vidole, akasema ni kitu cha thamani sana, kisha akauliza kilisaidia kushinda vita gani.

"Vyote," Papa Grégoire akajibu. "Weye umesha kuona Mujerumani hapa Kalemie?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akashuka.

Papa Grégoire mwenyewe alizaliwa Kirungu hukohuko, mahali ambapo asubuhi mtu anasalimia na salamu yake inaonekana mdomoni kama moshi. Alishuka Kalemie akiwa kijana, akapata kazi ya sentinele, yaani ulinzi, kwenye depo ya simenti karibu na bandari, akaifanya mpaka depo ilipofungwa. Miaka yote hiyo hakuja mwizi. Mwizi ni mtu anayekimbia kazi. Ukimwekea mfuko wa simenti mgongoni umemrudishia ileile aliyoikimbia. Lakini Papa Grégoire aliamini kwamba depo imepona kwa sababu yake, kwa kuwa alisimama pale Sajini alipoandika mlinzi asimame na kutazama pale Sajini alipoandika mlinzi atazame. Babu alilinda mlima ambao hakuna aliyeutaka, kitukuu akalinda simenti ambayo hakuna aliyeiweza, na wote wawili hawakushindwa hata mara moja. Ukoo wenye sifa kama hizo si wa kuchezea.

Depo ilipofungwa, mashauri yalihamia nyumbani. Kwenye bomba la maji la mtaa, Papa Grégoire alikuwa wa kwanza kila siku, kwa sababu Sajini ameandika kwamba mwenye maji ndiye mwenye mlima. Kanisani alikaa benchi la mwisho, mgongo ukutani na macho mlangoni, kwa sababu mlinzi hampi mtu yeyote mgongo wake. Padri alidhani ni unyenyekevu.

Mke wake, Mama Bertille, anauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni, na ulimi wake haujawahi kukosa chumvi. Yeye alikivumilia kitabu hicho kama wanawake wengine wanavyovumilia pombe. Alisema afadhali mume anayelewa karatasi, hatapiki.

Basi ikatokea kwamba binti yao Rebecca akapata mchumba.

Rebecca anafundisha watoto wadogo wa shule ya maternele, na ana sauti ambayo ikisema "kaa," hata wapita njia wanatafuta kiti. Mchumba anaitwa Rubens, fundi wa mashine za maboti, kijana mpole mwenye mafuta kwenye kucha, ambaye watu wake wanatoka kaskazini ya ziwa, Baraka. Ni Wabembe, wavuvi na wafanyabiashara, Waprotestanti wa kusali kwa urefu. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu ya Rubens. Hata Papa Grégoire alimpenda. Alichokiogopa ni Baraka.

Wavulana wake wawili walikuwa wameenda Lubumbashi. Mwanzoni walipiga simu kila juma, halafu kila mwezi, halafu kila msiba. Nyumbani amebaki Rebecca peke yake, na Wabembe wana desturi ya kumpeleka bibi arusi kwa watu wa mume. Papa Grégoire alijua hesabu hiyo inaishia wapi: binti kaskazini, na yeye juu ya kilima anaongea na ngozi ya mbuzi.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolijua na kujifanya halijui. Kwa Watabwa, kabila lake na la mke wake, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba analisha, analipa minerval ya shule, anakimbia hospitali mtoto akiugua. Lakini siku mkwe anapobisha hodi, mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba wa Rebecca, kaka yake Mama Bertille, ni Papa Bertin, mkulima wa maharagwe, na anakaa Kirungu, mbali, juu, kwenye baridi. Papa Grégoire akaona umbali huo ni baraka ya Mungu. Wabembe kwao baba ndiye kila kitu. Watakuja kwa baba. Basi yeye baba atawapokea, atawachosha, na wakiisha kuchoka atatoa sharti moja tu: Rebecca abaki Kalemie.

Akafungua kitabu.

*Shauri la kwanza: Adui umfungie njia nyepesi, apande ile nzito. Akifika juu amekwisha kupigana na mlima, wewe bado hujapigana na mtu.*

Kilima chake kina njia mbili. Moja inazunguka taratibu, hata bibi kizee mwenye kikapu anaipita huku anasengenya. Nyingine inapanda moja kwa moja, na mbuzi wenyewe wanaitumia wakiwa na hasira tu. Asubuhi ya siku ya wakwe, Papa Grégoire alikata matawi ya miiba, akaziba ile nyepesi, akatundika kibao: NJIA IKO MATENGENEZO.

*Shauri la pili: Washa mioto mingi, adui adhani mko jeshi.*

Akaazima sufuria kwa majirani wote, akaziteleka kuzunguka uwanja, kila moja juu ya moto wake.

*Shauri la tatu: Jua liwe machoni pa adui, na maji yawe nyuma yako.*

Viti vya wageni vikawekwa kuelekea jua, vile vifupi vya kuchambulia mboga. Bidoni ya maji akaiweka kivulini, akaikalia.

Mama Bertille alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Weye, Grégoire. Unapokea wakwe ao unapokea Wajerumani?"

"Mukwe anakuja kuchukua. Mujerumani alikuwa anakuja kuchukua. Tofauti njo gani?"

"Mujerumani hakuleta samaki ya mikebuka ya kukausha."

"Muke wangu, hii ni mambo ya mupaka."

"Mupaka! Mutu amezeeka juu ya simenti, leo anasema mupaka."

Wakwe wakaja. Mbele yao alikuwa Papa Salomon, kaka mkubwa wa baba yake Rubens, mfanyabiashara wa samaki mwenye mwili wa mtu ambaye maisha yake yote vitu vimemfuata pale alipokaa. Alivaa suti na viatu vya ncha. Nyuma yake Mama Léonie, shangazi, na kapu la samaki kichwani. Na wengine na vinywaji, vitenge, na mbuzi mmoja. Rubens mwenyewe hakuja, kama inavyotakiwa. Alibaki ufukweni akijifanya anatengeneza mashine ambayo ilikuwa nzima.

Walifika kwenye miiba, wakasoma kibao, wakatazama juu.

"Sisi ni watu wa maji," Papa Salomon alisema. "Kwetu hakuna kitu ya kusimama hivi isipokuwa mulingoti."

Wakapanda. Mbuzi alitangulia, na katika msafara mzima ndiye peke yake aliyefurahi. Papa Salomon alipanda kwa miguu, halafu kwa mikono na miguu, halafu kwa kushikilia mkia wa mbuzi, jambo ambalo yeye amelikana mpaka leo lakini Mama Léonie alikuwa nyuma yake na macho yake hayana ugonjwa. Viatu vya ncha vilifunguka midomo. Walipofika juu, suti ilikuwa na rangi ya kilima.

Papa Grégoire aliwaonyesha viti kwa mkono. Papa Salomon akajishusha, akajishusha tena, akadhani amekosea, kumbe kiti bado kiko chini. Magoti yakamfika masikioni. Jua likamkaa usoni kama mkono wa mtu mwenye deni naye.

Lakini Wabembe nao wana silaha. "Kabla ya neno yote, tuombe," akasema Papa Salomon, akafumba macho, na jua likawa halimpati tena. Akaombea nyumba, akaombea kilima, akaombea waliozaliwa na watakaozaliwa, akamwomba Bwana amsamehe mtu aliyetengeneza njia hii kwa maana hakujua alichofanya. Wakati wote huo Papa Grégoire, Mkatoliki wa sala fupi, alikuwa amesimama, na kusimama kwa urefu namna hiyo hakukuwa kwenye mashauri. Ilipofika "Amina," aliirudia bidoni yake kabla wageni hawajafumbua macho.

Sasa wote walikuwa wamekaa. Na hapo ndipo mambo yalipokwama.

Maana wakwe wakifika, hawafungui mdomo. Mwenye nyumba anawasalimu, anawapa maji, kisha anauliza, "Wageni wetu, mumetokea wapi?" Kila mtu anajua wametoka wapi, wanakwenda wapi, na mbuzi yule anaitwa nani. Haidhuru. Swali lazima liulizwe. Bila hilo mgeni akisema ni kama ameingia nyumba ya mtu kwa dirisha. Desturi hiyo iko pande zote za ziwa.

Nalo shauri la nne la Sajini linasema: *Usitoe sauti wa kwanza. Anayetoa sauti ameonyesha alipo.*

Papa Grégoire hakutoa sauti. Wakwe hawakuweza kutoa sauti. Watu wazima wa familia mbili wakakaa wakitazamana kama kuku waliofungwa kwenye kapu tofauti. Sufuria zikatokota. Mama Léonie akajaribu kuangalia kuna nini ndani, shingo yake ikarefuka, ikarudi. Mbuzi akala kipande cha karatasi kilichobakia kwenye kutengeneza kibao, ambacho Papa Grégoire alikuwa bado amekishika, akatafuna, akafikiri, akameza.

Mama Bertille akatoka na vikombe kwenye sinia. Akatafuta bidoni. Akaiona ilipo.

"Inuka," alisema kwa meno yaliyofungwa.

Papa Grégoire akatikisa kichwa.

"Grégoire. Watu wana kiu."

Akatikisa tena. Moyoni alikuwa anahesabu: bado kidogo, adui anamalizia nguvu, nikiona amelegea nauliza swali na kutupa sharti langu. Aliliona jasho la Papa Salomon linaingia kwenye kola. Bado kidogo tu.

Papa Salomon akasimama. Haikuwa kazi ya mara moja. Watu wawili walimvuta. Akawageukia wa kwake, si mwenye nyumba, kwa sababu alikuwa bado hajaruhusiwa kuongea na mwenye nyumba.

"Ndugu zangu," alisema, "hapa hakuna mutu ameuliza tumetokea wapi. Twendeni kule tulitokea, labda kule wanatujua."

Wakabeba kapu, vitenge na vinywaji, wakateremka. Mbuzi aligoma kushuka, akaburutwa, akilalamika kwa sauti ya mtu aliyeanza kupazoea.

Papa Grégoire alibaki amekaa juu ya bidoni. Alikuwa ameulinda mlima. Tangu Sajini Toussaint, ndiye wa kwanza katika ukoo aliyepata adui wa kweli, na adui huyo alikuwa anakimbia mbele ya macho yake. Alingoja furaha ije. Ikachelewa.

Rebecca akatoka chumbani. Alikuwa amevaa kitenge kipya na hereni. Akatembea kutoka sufuria moja hadi nyingine, akifunua.

"Papa, hizi zinapika nini?"

"Maji."

"Zote?"

"Zote."

"Sawa," alisema Rebecca, na sauti hiyo inayokalisha wapita njia ilikuwa ndogo kuliko ya mtoto wa maternele. Akachukua sufuria moja baada ya nyingine, akamwaga maji ya moto kwenye mteremko, akazipanga kifudifudi, akaingia ndani. Siku zilizofuata alimwamkia baba yake, akamwekea bukari, ugali wa huko, akamtolea sahani. Neno jingine hakuna. Papa Grégoire alipekua kitabu chote. Sajini alikuwa ameandika mengi juu ya kumnyima adui chakula. Juu ya mtoto wako anayekupa chakula na kukunyima maneno, hakuna mstari.

"Miye sikutaka waende," alimwambia mke wake. "Nilitaka wachoke kidogo, halafu niseme sharti yangu."

"Sharti gani?"

"Mutoto asiende Baraka."

Mama Bertille akaacha kuchambua ndagala. "Sasa si ungesema?"

"Nilikuwa nangoja wamalize risasi."

"Wamekuja na mbuzi, Grégoire! Risasi gani?"

Kabla juma halijaisha, simu ililia. Ilikuwa Papa Bertin, mjomba, kutoka Kirungu, na alikuwa anaongea huku mdomo umejaa.

"Shemeji! Hapa kwangu iko wageni. Wametoka Kalemie na boti mpaka bandari ya Moba, njo wakapanda huku."

Papa Grégoire alisimama. "Wamepanda Marungu? Papa Salomon? Na miguu?"

"Na pikipiki. Tatu."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi alikaa mbele ya dereva. Mutulivu kabisa, alikuwa anaangalia njia."

Papa Grégoire akatafuta ukuta wa kuegemea. Ule mlima wa Sajini. Mlima wenyewe, na walinzi wake, na mashauri yake, ambao kwa zaidi ya miaka mia hakuna adui aliyethubutu kuugusa, sasa umechukuliwa kabla ya chakula cha mchana, na watu watatu watatu juu ya pikipiki, mbuzi akiwa mstari wa mbele.

"Na weye uliwafanyia nini?"

"Nitafanya nini? Niliwauliza, wageni wetu, mumetokea wapi. Wakasema. Tukakula. Mambo imeisha, shemeji, mutoto ameolewa. Samaki yao ni tamu, nitakuwekea kichwa."

"Bertin. Rebecca atakaa wapi?"

"Kwa mume wake, Baraka. Waliniuliza kama baba ana shida na hiyo. Nikasema hapana, shemeji yangu akiwa na shida anasema."

Simu ikakatika, au Papa Grégoire aliikata, yeye mwenyewe hakumbuki. Akamgeukia Mama Bertille aliyekuwa amekazana sana na ndagala zake.

"Nani aliwaonyesha njia ya Kirungu?"

"Miye."

"Bertille!"

"Walipita sokoni, sura zao kama watu wametoka kuzika. Mama Léonie akaniuliza, mama, sasa tufanye nini? Nikasema, kwetu mwenye mutoto ni kaka yangu. Ulitaka niseme nini? Eti bwana yangu amekalia bidoni, ngojeni ashuke?" Kisha akalegeza sauti. "Mutoto alikuwa analia, Grégoire. Weye haukumusikia kwa sababu ulikuwa unaangalia mulango."

Siku mbili baadaye, asubuhi, Papa Grégoire alishuka kwenda ufukweni. Ile njia ya kwenda moja kwa moja magoti yake yaliikataa, kwa hiyo ilibidi aondoe miiba ya ile nyepesi kwa mikono yake mwenyewe, na miiba ilikuwa bado inafuata amri aliyoipa. Alifika chini akinyonya vidole.

Papa Salomon alikuwa ameisha kurudi kutoka Moba. Alikaa kwenye kiti kikubwa kivulini mwa boti iliyovutwa nchi kavu, mguu mmoja uliofungwa kitambaa umewekwa juu ya kreti. Mama Léonie alikuwa pembeni anageuza samaki. Papa Salomon alimwona Papa Grégoire, akaonyesha kwa kidole ndoo iliyofunikwa kifudifudi, pale juani.

Papa Grégoire akakaa.

Papa Salomon hakuuliza kitu. Akaita chai, ikaja kikombe kimoja, akaipuliza, akainywa. Akapiga miayo. Akamuuliza Mama Léonie kama samaki wamekauka, akajibiwa hapana, akasema wapewe muda. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu wakasogea karibu, mmoja mmoja, wakijidai wamefuata kivuli. Papa Grégoire alielewa kila kitu kilichokuwa kinafanyika kwa sababu ndiye aliyekianzisha, na ndoo ilikuwa na ukingo wenye makali.

"Mwulize basi," alisema Mama Léonie mwishowe. "Anaiva."

Papa Salomon akaweka kikombe chini.

"Mugeni wetu, umetokea wapi?"

"Huko juu," Papa Grégoire alijibu, na sauti ikamtoka haraka kama mtu aliyefunguliwa kamba.

"Aaa, huko juu. Na njia yake iko muzuri?"

"Iko mubaya."

"Nani aliiharibu?"

Papa Grégoire akaangalia vidole vyake. "Miye."

Ufukwe mzima ukacheka, na Mama Léonie akacheka mpaka akakalia samaki. Papa Salomon alijaribu kubaki na uso wa mahakama, ukamponyoka.

"Sasa sema, Komanda. Unatafuta nini kwetu?"

Akasema. Bila shauri la kwanza wala la pili. Alisema nina watoto watatu na wawili wananipigia simu kukiwa na maiti. Alisema Rubens namupenda. Alisema sikutaka muende, nilitaka muniulize, na kumbe miye njo nilipaswa kuuliza. Alisema muniachie mutoto hapa.

Papa Salomon akashusha mguu kutoka kwenye kreti. "Muzee mwenzangu," alisema, "ile mambo imefungwa na mujomba. Tulikula pamoja. Siwezi kurudi Kirungu kumwambia atapike. Na huu mguu haupandi tena kitu."

"Mujomba amepewa haki ya mujomba," akasema Papa Grégoire. "Miye baba sijapewa kitu. Zamani, kwetu, mukwe alikuwa anakaa kwanza kwa wakwe, anafanya kazi. Akiimaliza, njo anachukua muke wake anaenda."

"Kazi gani?"

Hapo Papa Grégoire hakuwa amejiandaa. Akatazama huku na huku, macho yakaangukia mguu uliofungwa kitambaa, na viatu vya ncha vilivyoanikwa pembeni, midomo wazi.

"Ngazi," alisema. "Kutoka chini mpaka mulangoni kwangu. Za mawe. Ili siku nyingine ukuje kama mukwe, usikuje kama mbuzi."

"Na ikiisha?"

"Ikiisha, waende Baraka. Sitasema neno."

Papa Salomon akamtazama Mama Léonie. Mama Léonie akatazama mguu. "Kubali," alisema. "Miye huko juu nitaenda tena siku watazaa mutoto, na sitaki kupanda nimeshika mukia."

Wakashikana mikono.

Arusi ilifanyika, ikasaliwa kwa urefu na kwa ufupi, na Rubens akahamia chumba cha nyuma. Mchana anatengeneza mashine za maboti, jioni anabeba mawe. Kwa mashine ana mkono wa dhahabu. Kwa ngazi ana moyo tu. Akipanga mawe leo, kesho moja limelala ubavu. Mvua zilipoanza, mteremko ulikuwa unakula ngazi na kuzitema barabarani, na kila ngurumo ilipopiga juu ya ziwa, Papa Grégoire alitoka nje kuitazama kama mtu anayempokea mgeni aliyemwalika. Siku za jua alikagua. Hii imeinama. Ile fupi kwa mguu wa Papa Salomon. Hapa pia ingefaa ipinde kidogo, kwa uzuri. Rubens anasema ndiyo, papa, anaanza upya. Kama amegundua kitu, hajasema. Majirani nao wanasema hiyo ngazi haitaisha mpaka ziwa likauke, na wanaipita iliyopo huku wanashukuru, maana angalau nusu ya chini inapitika.

Halafu mvua zikapumzika. Jua likawaka juma zima, mawe yakashika, na ngazi zikaanza kupanda kwa kasi ya kutisha.

Asubuhi moja, kabla ya kwenda shuleni, Rebecca aliteremka na kumkuta baba yake amechuchumaa kwenye ngazi mpya, jembe mkononi, akichokonoa udongo chini ya jiwe.

"Papa."

Papa Grégoire akaruka. "Mutoto wangu! Nilikuwa napima kama iko nguvu."

"Na iko?"

"Iko... nyingi. Nyingi mpaka inasikitisha."

Juu nyumbani, Rubens alikuwa anaoga na kuimba wimbo wa kanisani, beti zote. Rebecca akasikiliza kwanza kama bado hajafika ubeti wa mwisho. Kisha akamtoa baba yake jembe mkononi.

"Hii inaacha alama," alisema, "na bwana yangu si kipofu. Kesho tumia maji."